Nyumba ya Matofali ya Enzi ya Malkia Victoria: Kutambua Hitilafu na Kuzitibu

Nyumba nyingi za matofali zilizojengwa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901, bado zinakaliwa, na malalamiko ya wanaozikalia hufanana kutoka London hadi Manchester na kutoka Leicester hadi Liverpool: ukuta umelowa chini, matofali yanamenyeka, ufa umejitokeza juu ya dirisha, sakafu inabonyea. Mwongozo huu unafuata dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu zimetajwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile adimu, na uchunguzi unaanza na ule usiohitaji zaidi ya macho, bisibisi na timazi. Pale ambapo mwenye nyumba anapaswa kuweka vifaa chini na kumwita mtaalamu, nimesema hivyo wazi, kwa sababu baadhi ya hitilafu hizi zinaweza kuua.

Ukuta wenyewe ulivyo

Haiwezekani kuitibu nyumba hii bila kujua ilivyojengwa. Serikali ilifuta kodi ya kioo mwaka 1845, kodi ya matofali mwaka 1850 na kodi ya madirisha mwaka 1851, na wakati huohuo reli zikaanza kusafirisha sleti, yaani mawe bapa ya kuezekea, kutoka machimbo ya Wales na matofali kutoka viwandani hadi kwenye miji iliyokuwa ikifurika wafanyakazi. Ndipo wajenzi wakasimamisha mitaa mizima ya nyumba zilizoungana ubavu kwa ubavu: za manjano huko London, ambako udongo wa matofali ulichanganywa na chaki na majivu, na nyekundu katika miji mingi ya kaskazini. Ukuta wa nje wa nyumba ya kawaida hauna uwazi katikati. Unene wake ni urefu wa tofali moja, takriban milimita 225, na matofali yake yameshikanishwa kwa mota ya chokaa na mchanga. Mvua ikinyesha ukuta hunywa maji kidogo, na upepo na jua vikirudi maji hayo hutoka kupitia viungo vya chokaa, jinsi mtungi wa udongo unavyotoa jasho. Ukuta wa namna hii haukukusudiwa kuyazuia maji kabisa. Ulikusudiwa kuyapokea na kuyaachilia.

Msomaji aliyekulia Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja hatashangazwa na maelezo haya, maana kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa hufanya kazi hiyohiyo, na huumia vilevile zinapozibwa kwa saruji. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds, lakini nyumba za kawaida ziliendelea kujengwa kwa chokaa kwa miongo mingi baadaye. Waliopaka saruji juu ya kuta hizi ni warekebishaji wa karne ya 20, na sehemu kubwa ya maradhi yanayoelezwa hapa chini ililetwa na matengenezo yao, si na wajenzi wa mwanzo. Mshairi na mbunifu William Morris na msanifu majengo Philip Webb, ambaye alimchorea Morris nyumba ya matofali mekundu iitwayo Red House huko Bexleyheath, walikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1877 chama cha kulinda majengo ya kale, ambacho hadi leo hufundisha kwamba kitu cha zamani kirekebishwe kwa vifaa vinavyopatana nacho, tena kwa kuondoa kidogo iwezekanavyo. Kila tiba iliyo hapa chini inasimama juu ya kanuni hiyo.

Sehemu ya chini ya ukuta imelowa

Plasta inavimba na kuporomoka, rangi inabanduka, na chumvi nyeupe inajitokeza juu ya ukuta hadi kimo cha karibu mita moja.

Sababu ya kwanza kuichunguza ni maji ya mvua yanayoelekezwa ukutani. Toka nje mvua kubwa inaponyesha na utazame gata na mabomba yake, kwa sababu siku ya jua hayakwambii lolote. Bomba la chuma la enzi hizo hupasuka mara nyingi upande wa nyuma unaotazama ukuta, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki na kutu hufanya kazi bila kuonekana. Pitisha kioo kidogo nyuma ya bomba, au papasa kwa vidole, na mara nyingi utakuta mstari wa kutu na kuvu ya kijani ukishuka juu ya matofali. Safisha gata, badilisha kipande kilichopasuka, kisha ungoje.

Sababu ya pili ni ardhi iliyopanda. Baada ya Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, halmashauri nyingi zilianza kudai kizuizi cha unyevu katika kuta mpya, na kilichotumika zaidi kilikuwa sleti zilizolazwa ndani ya kiungo cha mota, karibu na ardhi. Tafuta kiungo kilicho kinene kuliko vingine, chenye ukingo mweusi wa sleti unaochungulia. Ardhi ya nje inapaswa kuwa angalau milimita 150 chini ya mstari huo. Vizazi vya wakazi vimeongeza udongo wa bustani, sakafu ya zege na vibaraza, mpaka kizuizi kimefukiwa na unyevu unakiruka kana kwamba hakipo. Kuchimba na kurudisha kimo cha awali hugharimu jasho zaidi kuliko fedha, na katika nyumba nyingi hutosha.

Sababu ya tatu ni saruji, ama ile iliyopakwa nje kama mkanda chini ya ukuta, ama ile iliyotumika kupigia plasta ndani. Maji yaliyonaswa nyuma yake hupanda juu kutafuta njia ya kutokea. Mkanda huo uondolewe kwa uangalifu, na plasta ya ndani irudishwe kuwa ya chokaa.

Bomba la maji linalovuja chini ya sakafu ni sababu ya nne. Funga koki zote ndani ya nyumba na uisome mita; ikiendelea kusogea, tatizo limepatikana. Katika nyumba ambazo bomba la kuingizia maji ni la risasi, ni vema libadilishwe lote, si kiraka tu, kwa sababu risasi ni sumu kwa watoto.

Mwisho wa orodha ndio unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu kizuizi hakikuwekwa kamwe au kimevunjika. Hutokea, ila ni mara chache sana kuliko inavyotangazwa na wauzaji wa dawa za kudungwa ukutani. Kifaa chao cha kupimia hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi iliyomo katika plasta kuukuu hupitisha umeme hata ukuta ukiwa karibu kukauka, hivyo kifaa hulia na mteja huogopa. Kisha hudungwa dawa, na juu yake hupigwa plasta ya saruji isiyopitisha maji, ambayo huficha dalili kwa miaka kadhaa huku unyevu ukihamia kwenye boriti. Ukaguzi wa bure unaofanywa na anayeuza tiba haupaswi kuitwa ukaguzi. Mlipe mkaguzi wa majengo aliyesajiliwa na RICS, taasisi ya kitaaluma ya wakaguzi hao, asiyeuza chochote, na umwombe aseme maji yanatoka wapi kabla ya kusema yatibiwe vipi.

Baada ya kuondoa chanzo, subira inahitajika. Kwa kanuni ya makadirio, ukuta hukauka milimita 25 kwa mwezi, maana yake ukuta wa milimita 225 unaweza kuchukua miezi tisa. Anayepiga plasta mpya wiki ya pili ataipiga tena.

Simama hapa: unyevu ukifika kwenye soketi au swichi, zima saketi hiyo na umwite fundi umeme kabla ya kugusa ukuta.

Madoa ya kahawia juu ya dohani

Doa hujitokeza chumbani mahali ukuta wa dohani unapotokeza, hasa ghorofa ya juu, na hukolea siku za unyevunyevu hata kama mvua haikunyesha.

Kwa kawaida meko yamezibwa kwa ubao na plasta bila tundu la hewa, huku mdomo wa dohani juu ya paa ukiachwa wazi. Mvua huingia, huyeyusha masizi ya miaka mingi, na maji hayo hupenya ukutani yakiwa na rangi ya chai. Weka tundu dogo la hewa mahali pa meko na kofia juu ya dohani inayozuia mvua lakini inapitisha hewa. Vyote viwili vinahitajika, kwani kimoja peke yake hakisaidii. Ikiwa doa linabaki, chunguza bamba la risasi linaloziba mahali dohani inapotoka paani, halafu mota ya matofali ya dohani yenyewe, ambayo hupigwa na upepo pande zote nne. Wakati mwingine hakuna tena maji yanayoingia, bali chumvi za masizi zilizokwisha kuingia katika plasta zinavuta unyevu wa hewa. Plasta hiyo haitibiki kwa rangi, na inabidi itolewe.

Simama hapa kwa mambo matatu. Dohani iliyoinama au kupinda haitengenezwi na mtu aliye juu ya ngazi. Mara nyingi mota yake imevimba kwa chumvi za salfeti upande unaopigwa na mvua, na inahitaji jukwaa la ujenzi na mwashi mzoefu. Pili, panda darini ujue kama kuna mtu aliyewahi kuvunja sehemu ya chini ya dohani ili kupanua chumba na kuacha tani za matofali juu yake bila mhimili wa kutosha. Ukikuta hivyo, usikae chini yake ukitafakari, mwite mhandisi wa miundo siku hiyohiyo. Tatu, dohani inayotumiwa na jiko la gesi au la kuni haizibwi wala haibadilishwi bila fundi aliyeidhinishwa, na kwa gesi ni lazima awe katika Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi gesi wa Uingereza. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, kwa hiyo weka king'ora chake katika chumba chenye jiko.

Ukungu mweusi pembeni mwa vyumba

Ukungu unaoota kwenye kona, nyuma ya kabati na kando ya madirisha karibu kila mara hutokana na mvuke wa ndani unaogota kwenye ukuta baridi. Wajenzi wa wakati ule walitegemea meko yaliyowaka kila siku na madirisha yaliyovuja hewa. Leo meko yamezibwa, madirisha yamebanwa, na nguo hukaushwa ndani. Ili kuhakikisha, bandika kipande cha karatasi ya alumini juu ya ukuta, kizibwe kingo zote kwa gundi ya utepe, na ukiangalie baada ya siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke. Yakiwa upande wa ukuta, rudi kwenye dalili ya kwanza. Tiba ni joto la kadiri lisilokatika, feni za kutolea hewa jikoni na bafuni, na nafasi kati ya kabati na ukuta.

Mpangaji asikubali kuambiwa kwamba kosa ni lake kwa sababu anapika na kuoga. Nchini England, Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985 inamtwisha mwenye nyumba jukumu la kutunza muundo na sehemu ya nje ya jengo, gata na mabomba yake yakiwemo. Andika barua, ambatanisha picha zenye tarehe, na usipojibiwa peleka shauri kwa maofisa wa afya ya mazingira wa halmashauri.

Uso wa matofali unamenyeka

Tofali lililochomwa vizuri lina ngozi ngumu nje na nyama laini ndani. Ngozi ikitoka, mvua na barafu hulila tofali haraka.

Tazama viungo kwanza. Kwaruza mota kwa msumari: ile ya chokaa ni nyeupe au ya rangi ya maziwa na hukwaruzika, ilhali ya saruji ni ya kijivu na msumari hauingii. Viungo vikiwa vya saruji, maji yaliyozoea kutokea kwenye viungo hulazimika kutokea kwenye uso wa tofali, huganda humo wakati wa baridi na kuusukuma ubanduke. Utaona jambo la kusikitisha kweli: mistari ya saruji imesimama imara, imetokeza nje kama fremu tupu, na matofali katikati yake yamelika na kuwa vibonde. Mota inapaswa kuwa dhaifu kuliko tofali, kwa sababu mota inabadilishwa kila baada ya miongo kadhaa, lakini tofali la 1880 halirudi.

Sababu nyingine, kwa mpangilio wa kutokea kwake, ni gata linalovuja mahali pamoja, rangi ya plastiki au dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu ya ukuta, na usafishaji wa zamani kwa kupuliza mchanga, uliovua ngozi ya matofali yote kwa siku moja.

Kiraka kidogo kinaweza kutengenezwa na mwenye nyumba mwenye mkono mtulivu. Viungo vibovu vitolewe kwa patasi nyembamba na nyundo hadi kina kisichopungua upana wa kiungo mara mbili, kisha vilowanishwe na kujazwa mota ya chokaa, na vifunikwe kwa magunia yenye unyevu ili chokaa isikauke ghafla. Msumeno wa mviringo wa umeme usitumike. Hukata kingo za matofali, na jeraha hilo halifichiki. Kazi ya chokaa isifanyike joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, wala wakati barafu inatarajiwa usiku. Tofali moja moja lililokufa linaweza kutolewa na kugeuzwa ili uso wake wa nyuma utazame nje, njia ambayo ni nzuri kuliko kutafuta tofali jipya la kufanana. Matofali mengi yakiwa yamelika eneo moja, mwite mwashi anayefanya kazi ya chokaa, na umwulize amefanya wapi ili uende ukaone.

Nyufa

Ufa huogopesha kuliko dalili nyingine zote, na nyingi hazistahili hofu hiyo. Ukuta wa chokaa hujongea kidogo kila msimu bila kuvunjika, na nyumba hizi zilikaa na kujikita katika miaka yake ya mwanzo. Mlango uliokatwa upande mmoja ili uingie katika fremu iliyopinda, na rangi kuukuu ndani ya ufa, ni ushahidi wa msogeo uliokoma zamani.

Anza kwa kupima. Kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wa Uingereza huhesabu ufa wa hadi milimita 1 kuwa jambo la rangi tu, wa hadi milimita 5 kuwa wa kujazwa na kuangaliwa, wa milimita 5 hadi 15 kuwa hitilafu ya wastani, wa 15 hadi 25 kuwa mkubwa, na unaozidi 25 kuwa hatari kwa jengo. Chora mstari wa penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, piga picha pamoja na rula, na urudie kila mwezi. Ufa usiosogea mwaka mzima ni historia.

Kinachotokea mara nyingi ni ufa juu ya dirisha au mlango. Wajenzi waliweka tao la matofali upande wa nje, mahali panapoonekana, na linta ya mbao upande wa ndani. Mbao ikioza, ukuta ulio juu yake hushuka. Choma mbao hiyo kwa bisibisi kutoka ndani baada ya kutoa plasta kidogo: ikiingia kwa urahisi zaidi ya milimita chache, linta imekwisha. Kisa kinachokaribiana nacho ni cha madirisha yanayotokeza mbele ya nyumba, ambako fremu nzito za mbao zilikuwa zikisaidia kubeba uzito bila mtu kujua. Fremu hizo ziling'olewa na kuwekwa za plastiki bila nguzo, na ukuta wa juu ukaanza kukaa. Aidha, sehemu hiyo inayotokeza ilijengwa mara nyingi juu ya msingi mfupi kuliko wa nyumba, hivyo ufa wima kwenye kiungo chake na nyumba ni wa kawaida.

Msingi unaosogea huacha ufa wa mshazari unaopanda ngazi kwa ngazi kupitia viungo, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, na unaojitokeza mwishoni mwa kiangazi. Kusini-mashariki mwa England, London ikiwemo, nyumba nyingi zimekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaosinyaa ukikauka na kuvimba ukilowa, na msingi wao ni ngazi chache tu za matofali, si mbali na uso wa ardhi. Ukame wa 1976 ulipasua nyumba nyingi sana kwa njia hiyo. Chanzo ni ama mti mkubwa unaonyonya maji karibu na ukuta, ama mabomba ya maji machafu ya udongo wa kuchomwa yaliyovunjika viungo na kuumomonyoa udongo. Kamera ya kuingizwa bombani huonyesha jibu, na ukarabati wa bomba mara nyingi huusimamisha ufa bila kugusa msingi. Usikate mti mkubwa kwa ghafla: udongo uliokuwa umekaushwa nao utavimba na kuiinua nyumba, jambo baya sawa na kuzama, na tena mti wenyewe unaweza kuwa chini ya ulinzi wa kisheria.

Simama na uite mhandisi wa miundo ukiona ufa uliozidi milimita 5, ufa unaopanuka kati ya vipimo viwili, milango kadhaa iliyoanza kukwama msimu mmoja, au ufa unaoambatana na ukuta kuinama. Iarifu kampuni ya bima mapema; bima za nyumba za Uingereza zilianza kugharamia kuzama kwa ardhi mwaka 1971, lakini kuchelewa kutoa taarifa huleta ubishi. Kazi nyingi za ujenzi kwenye ukuta unaoshirikiwa na jirani katika England na Wales inaongozwa na Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996, na jirani anapaswa kupewa notisi ya maandishi kabla ya tofali la kwanza kutolewa.

Ukuta umetokeza tumbo

Ning'iniza timazi kutoka dirisha la ghorofa ya juu na upime umbali wa uzi kutoka ukutani kila nusu mita. Ukuta wa mwisho wa safu ya nyumba ndio unaougua zaidi, kwa sababu mara nyingi boriti za sakafu hupita sambamba nao na hazikuushika mahali popote tangu mwanzo. Ngazi pia hukaa upande huo na kuuacha bila mkono wa kuushikilia ghorofa mbili nzima.

Sababu ya pili ni ya ujanja wa biashara. Mpangilio wa uso wa ukuta hupishanisha tofali la ubavu, linaloonyesha urefu wake, na tofali la kichwa, linaloonyesha ncha yake tu, na kila kichwa kinatakiwa kuwa tofali zima linalopenya hadi ndani na kuzifunga pande mbili. Wajenzi waliotaka kuokoa matofali ghali ya uso waliyavunja nusu, wakaonyesha vichwa ambavyo havifungi kitu. Ukuta huonekana mzima, kumbe ni kuta mbili nyembamba zilizoegemeana, na ule wa nje unajitenga. Gonga kwa mpini wa nyundo. Mlio mtupu hutoa habari. Pengine pia kuna mbao zilizojengwa ndani ya ukuta kwa urefu wake, ambazo zimeoza na kuacha pengo, au paa la sleti lililobadilishwa kwa vigae vizito vya zege, ambavyo husukuma kuta nje kupitia makombamoyo.

Hakuna tiba ya nyumbani kwa dalili hii. Mhandisi anaweza kuagiza vyuma vya kufungia vipitishwe kutoka upande hadi upande. Vile vibamba vya chuma vyenye umbo la X au S vinavyoonekana kwenye nyumba kuukuu ndivyo ncha zake, na kwa maoni yangu ni heshima kwa jengo, si aibu. Mpaka atakapofika, usipaki gari wala kuruhusu watoto kucheza chini ya ukuta huo.

Sakafu inabonyea au inanuka uyoga

Sakafu ya chini ya vyumba vya mbele ni mbao juu ya boriti, na chini yake kuna nafasi ya hewa inayopumua kupitia matofali yenye matundu. Tafuta matundu hayo nje kabla ya kuinua ubao. Yakiwa yamezibwa kwa udongo, rangi au zege la kibaraza, yafungue. Halafu inua ubao mmoja karibu na ukuta wa nje, maana boriti huoza ncha, pale zilipoingizwa katika tofali lililolowa. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi.

Uozo wa kawaida hukaa pale palipo na maji na hufa maji yakiisha. Ule unaoletwa na kuvu iitwayo Serpula lacrymans ni habari nyingine: hutandaza nyuzi za kijivu na utando kama pamba, hupita juu ya matofali na nyuma ya plasta kutafuta mbao mpya, hutoa vumbi la rangi ya kutu, na kuzipasua mbao katika vipande vya mraba. Ukiuona, usivunjevunje ovyo. Funga chumba na umwite mtaalamu asiyefungwa na kampuni ya dawa. Vitundu vidogo vya mviringo vya wadudu havina uzito huo. Weka karatasi nyeusi chini yake wakati wa machipuko, na kama hakuna unga mpya ulioanguka hadi mwisho wa kiangazi, wadudu walikwisha kuondoka.

Dirisha la kupandisha halipandi

Mara nyingi limegandishwa na rangi. Kata mstari wa rangi kwa kisu chembamba pande zote na uligonge kwa kiganja. Likiwa linashuka lenyewe, kamba imekatika: ndani ya kila ubavu wa fremu kuna sanduku lenye uzito wa chuma, na mlango mdogo wa mbao wa kulifikia. Kioo kikibadilishwa kwa kizito zaidi, uzito nao uongezwe. Viungo vilivyolegea kwenye pembe vinaweza kukazwa, na mbao za wakati ule ni bora kuliko nyingi zinazouzwa leo, kwa hiyo kung'oa dirisha zima kuwe chaguo la mwisho. Rangi za zamani zina risasi. Usizisugue kwa msasa mkavu wala kuzichoma, hasa penye mtoto mdogo au mama mjamzito. Nyumba ikiwa katika orodha ya majengo yanayolindwa, kubadilisha madirisha bila kibali ni kosa la jinai.

Dari limelegea

Dari la asili ni plasta ya chokaa yenye manyoya ya wanyama, iliyobanwa juu ya papi nyembamba za mbao hadi ikapenya kati yake na kushikilia kwa kulabu zake upande wa juu. Bonyeza kwa kiganja kilichofunguliwa. Likirudi nyuma kidogo na kushuka tena, kulabu zimekatika, kwa kawaida kwa sababu ya maji ya paa yaliyovuja kutoka kwenye sleti ambazo misumari yake imeliwa na kutu, au mtikiso wa mafundi waliopita darini. Mwanya mdogo hufungwa kwa skurubu zenye sahani pana zinazoingia kwenye boriti. Dari lililoshuka kwa upana wa chumba ni zito na huanguka lote kwa pamoja. Hamisha vitanda, funga mlango, na umwite fundi wa plasta ya chokaa. Kama lilipakwa baadaye urembo wa vinundu, usilikwaruze kabla ya sampuli kupimwa maabara, kwa sababu asbesto haikupigwa marufuku kabisa Uingereza hadi 1999.